Adrien Atiman: mtoto aliyeuzwa, tabibu wa Karema

Mtu akitoka Kilembwe kuteremkia Baraka hupita milima, hufika Fizi, ndipo ziwa Tanganyika linapomtokea mbele, na rasi ya Ubwari imelala majini. Wengi wetu tuliozaliwa pande hizo tumeitazama rasi ile tangu utoto bila kuambiwa kwamba karibu na ghuba yake, mahali palipoitwa Kibanga, palianzishwa mwaka 1883 kituo cha misheni kilichokuwa na watoto waliokombolewa utumwani. Wamisionari wa Afrika, ambao wazee huwaita Mapadri Weupe, walikiacha kituo hicho mwaka 1893. Watoto wa Kibanga hawakutuachia vitabu. Lakini ng'ambo ya ziwa, huko Karema, aliishi mtu aliyepita njia kama yao, na maisha yake yameandikwa, tena kwa mkono wake mwenyewe. Jina lake ni Adrien Atiman.

Namleta katika jarida la kitivo chetu kwa sababu mbili. Kwanza, kila tunapozungumza juu ya haki za watoto, tunataja mikataba na mashirika, na mara chache tunamfuata mtoto mmoja kutoka siku aliyopotea hadi siku aliyozeeka. Atiman anatupa nafasi hiyo: alitekwa akiwa mtoto, akafa akiwa mzee wa miaka tisini hivi. Pili, maisha yake yanagusa somo letu sisi wa lugha za Kiafrika, kwa kuwa katika vyote alivyonyang'anywa, lugha ya nyumbani kwao ndicho kitu ambacho hakuna aliyefikiria kumrudishia.

Atiman alizaliwa kando ya mto Niger, si mbali na Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Mwaka wa kuzaliwa kwake hukadiriwa kuwa 1866. Wazazi wake walikuwa Wasonghai, watu wa mtoni, wenye lugha ambayo haina undugu na lugha zetu za Kibantu. Alikuwa bado mdogo Watuareg walipomteka na kumtenga na kwao. Kutoka hapo alivukishwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Msomaji wa huku kwetu asidhani kwamba utumwa wa watoto ulikuwa balaa ya Maniema na Ujiji peke yake. Wakati misafara ikiwapitisha watu wetu katika ziwa kuelekea pwani ya Bahari ya Hindi, misafara mingine ilikuwa ikiwapitisha watoto wa Afrika Magharibi katika mchanga kuelekea Aljeria na Tripoli. Njia zilikuwa mbili, na katika zote mbili mtoto alipendwa na wafanyabiashara kwa sababu ileile: hukimbia mara chache, husahau upesi, na huzoea bwana mpya.

Huko Metlili, kusini mwa Aljeria, Mapadri Weupe walimkomboa kwa fedha. Ili kuelewa jambo hilo inafaa kumjua kidogo mkubwa wao, Charles Lavigerie. Lavigerie alikuwa amefika Algiers kama askofu mkuu mwaka 1867, wakati wa njaa kali iliyoua watu wengi sana nchini humo na kuacha yatima tele. Akawakusanya yatima hao, na kazi ya kuwatunza ikawa mojawapo ya sababu za kuanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868. Kwa hiyo shirika lile lilizaliwa likiwa na watoto wasio na wazazi mikononi. Kumkomboa mtoto wa jangwani kama Atiman kulikuwa mwendelezo wa kazi hiyo.

Atiman alisomeshwa Aljeria, kisha Carthage, karibu na Tunis. Alibatizwa na kupewa jina la Adrien. Jina la Atiman, alilotoka nalo kwao, alibaki nalo. Mwaka 1881 Lavigerie alifungua huko Malta taasisi ya vijana Waafrika waliokombolewa, ili wasomee udaktari katika chuo kikuu cha kisiwa hicho. Atiman alikuwa miongoni mwao. Wazo la Lavigerie lilikuwa kwamba Afrika itabadilishwa na Waafrika. Aliona kwamba padri Mzungu atabaki mgeni daima, lakini tabibu Mwafrika, mwenye mke na watoto, anayekula na kuvaa kama wenyeji, ataaminiwa mahali ambapo mgeni hafiki. Kwa hiyo vijana wale walifundishwa utabibu wa Ulaya huku wakizuiwa wasizoee maisha ya Ulaya. Kazi waliyoandaliwa ilikuwa na majina mawili: utabibu na ukatekista.

Hapa mwanafunzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Katika Kiswahili neno mtumwa limetoka katika kitenzi tuma, likiwa na kiambishi cha kutendwa: mtumwa ni yule anayetumwa. Kutoka mzizi huohuo tumepata neno mtume. Lugha yetu imewaweka mtumwa na mtume katika nyumba moja, na tofauti iko katika swali la nani anayetuma, na kama anayetumwa aliulizwa. Kijana Atiman alitolewa katika utumwa, kisha akatumwa. Alipangiwa shule, alipangiwa kazi, alipangiwa nchi ya kwenda, nchi ambayo haikuwa yake na iliyo mbali na Niger kuliko Malta yenyewe. Hakuna shaka kwamba waliompangia walimpenda na walimtakia mema. Lakini yeyote anayefanya kazi na watoto waliookolewa leo anajua jaribu hilo: kumwokoa mtoto, halafu kumwona kama mali ya mwokozi.

Mwaka 1888 masomo ya Malta yalimalizika. Mwaka huohuo Lavigerie, akiwa sasa kardinali, alizunguka miji mikubwa ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa, naye Papa Leo wa 13 alikuwa amemtia moyo katika kazi hiyo. Vita hivyo vya maneno vilichangia kuitishwa kwa mkutano wa Brussels wa 1889 na 1890, ambao mapatano yake yalizibana serikali kuhusu misafara ya watumwa na biashara ya silaha. Wakati kardinali akihutubia kumbi, Atiman alikuwa safarini kuelekea mahali ambapo hotuba zile zilikuwa zinahusu. Alifika Zanzibar, akavuka kwenda bara, akasafiri kwa msafara zaidi ya kilomita 1,000, na mwaka 1889 akafika Karema.

Karema ipo upande wa mashariki wa ziwa, mkabala na Mpala yetu ya Kongo. Ngome yake ilijengwa na Wabelgiji wa chama cha mfalme Leopold wa Pili mwaka 1879, na mwaka 1885 wakaiachia misheni, pamoja na ile ya Mpala. Ziwa la siku hizo lilikuwa chini ya nguvu ya Muhammad bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, mwenye makao Ujiji. Vijiji vya ufukweni vilivamiwa, watu walichukuliwa, na waliobaki walikimbilia penye ngome. Upande wa Mpala, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa, aliwakusanya wakimbizi na kuwapa bunduki wajilinde. Ndiyo hali aliyoikuta Atiman: misheni iliyojaa watu waliokatwa kutoka kwao, na watoto wengi miongoni mwao. Yeye peke yake kati ya waliowatibu ndiye aliyejua kwa mwili wake maana ya kuuzwa.

Muda mfupi baada ya kufika alioa. Mke wake, Agnes, alitoka katika ukoo wa watawala wa Wabende, wenyeji wa nchi ya Karema. Ndoa hiyo haikuwa rahisi mwanzoni. Na tuifikirie kwa macho ya wenyeji: binti wa ukoo wa chifu anaolewa na mtu asiye na baba, asiye na mjomba, asiye na kaburi la babu la kuonyesha, mtu aliyenunuliwa. Katika jamii zetu, mtu asiye na ukoo ni mtu nusu. Kwa ndoa ile Atiman alipata wakwe, akapata mashemeji, akapata mahali pa kukaa kwenye mazungumzo ya wazee. Fedha za mapadri zilikuwa zimemtoa mikononi mwa bwana wake. Undugu wa Wabende ndio uliomfanya kuwa mtu wa mahali fulani. Walijaliwa mtoto wa kiume, Joseph, ambaye mwaka 1923 alipewa upadri. Mtoto wa mtumwa wa Sahara na wa binti wa Wabende alikuwa padri wa kwanza mwenyeji katika misheni ile.

Atiman alifanya kazi Karema miaka 67 bila kuhama. Wenzake waliosoma Malta hawakudumu kama yeye, na taasisi yenyewe haikuishi muda mrefu. Yeye alibaki. Alitibu vidonda, homa, majeraha ya vita na ya wanyama, akazalisha, akapasua palipohitajika kupasua, akafundisha dini. Hakudharau ujuzi aliokuta. Alijifunza dawa za miti kutoka kwa waganga wenyeji na kuzitumia pamoja na zile alizosomea Ulaya. Jambo hilo halikuwa la kawaida kwa watu wa misheni wa wakati ule, ambao kwao neno mganga lilitaja uchawi zaidi kuliko tiba. Zilipita tawala juu ya kichwa chake: Wajerumani, kisha vita vya dunia vya kwanza, kisha Waingereza. Malale na ndui vilipita pia katika nchi za ziwa. Zahanati ya Karema ilikuwa na tabibu yuleyule.

Ni vizuri kukumbuka jinsi sheria zilivyokwenda polepole nyuma ya maisha yake. Wajerumani hawakufuta utumwa katika koloni lao. Mwaka 1904 walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Maana yake mtoto aliyezaliwa mwaka mmoja kabla alibaki chini ya bwana, na mdogo wake akawa huru. Utumwa ulifutwa Tanganyika kwa sheria ya Waingereza mwaka 1922. Atiman alikuwa na miaka kama 56. Miaka miwili baadaye, mwaka 1924, Umoja wa Mataifa wa wakati huo ulilikubali Azimio la Geneva juu ya haki za mtoto, lililoandikwa na Mwingereza Eglantyne Jebb baada ya kuona watoto wakifa kwa njaa Ulaya. Kwa mara ya kwanza dunia ilitamka kwa pamoja kwamba mtoto ana anachodai kwa watu wazima wote, hata wasio wa taifa lake. Tabibu wa Karema alikuwa amekwisha kuwatunza watoto wasio wa taifa lake kwa miaka 35.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyaandika mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ni ushindi mkubwa kuliko nishani alizopewa uzeeni. Watoto waliokombolewa walisimuliwa sana. Picha zao na habari zao zilipelekwa Ulaya ili watu watoe sadaka, na kila mara aliyesimulia alikuwa mkombozi. Atiman alipata kuwa msimulizi wa habari yake. Alifariki mwaka 1956, Karema, akiwa ameishi hapo zaidi ya theluthi mbili za umri wake.

Sasa niseme kile ambacho maisha haya yamenifundisha, na ambacho si wote tutakubaliana nacho kitivoni.

Tumezoea kuutazama ukombozi wa mtoto kama tendo la siku moja. Fedha zinalipwa, mlango unafunguliwa, picha inapigwa. Lakini Kiswahili kina vitenzi viwili hapa, komboa na lea, na havilingani kwa muda. Kukomboa humalizika, kulea hakumaliziki upesi. Kati ya Metlili na Karema ilipita miaka zaidi ya kumi ya shule, chakula, kitanda na ufundi. Watoto wengi waliokombolewa kandokando ya ziwa letu hawakupata malezi ya namna hiyo. Walipewa jembe, wakaozwa, wakawekwa katika vijiji vya misheni ambamo padri alikuwa kama chifu, na kutoka humo bila ruhusa halikuwa jambo jepesi. Tena kulikuwa na hatari ambayo wamisionari wenyewe walibishana juu yake: ukinunua mtoto ili awe huru, umempa mwizi fedha ya kwenda kuiba mwingine. Sisemi waliolipa walikosea. Mtoto aliye mbele yako amefungwa kamba hawezi kungoja ubishi uishe. Nasema kwamba fedha haikuwa ndiyo kazi yenyewe.

Jambo la pili ni lugha. Katika vituo kama Kibanga, Mpala na Karema walikutanishwa watoto wa makabila mengi ya pande zote za ziwa. Walihitaji lugha moja, nayo ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo watoto hawa ni miongoni mwa waliokipokea na kukikuza Kiswahili katika mashariki ya Kongo, pamoja na wafanyabiashara, askari na wapagazi. Zamani Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana, jina lililotokana na waungwana, watu huru wasio watumwa. Tunaposoma historia ya lugha hii darasani, tukumbuke kwamba lugha yenye jina la waungwana ilibebwa pia na vinywa vya watoto waliokuwa na kila sababu ya kulia uungwana. Wakapata lugha kubwa, lakini lugha ya mama ilibaki katika kijiji kilichochomwa. Kisonghai hakikuwa na mtu wa kukijibu Karema. Kwa miaka 67 Atiman hakuwa na jirani wa kuzungumza naye kama alivyozungumza na mama yake.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeligusa jambo hili. Unampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake inapowezekana. Unaitaka serikali imsaidie aliyepokonywa utambulisho wake aupate tena. Unampa mtoto wa jamii ndogo haki ya kutumia lugha yake na watu wake. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, unafuata njia hiyo, na Kongo ina sheria yake ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009. Maandishi yapo. Mwaka 2012 mahakama ya The Hague ilimhukumu Mkongomani, Thomas Lubanga, kwa kuwaingiza watoto wa chini ya miaka 15 vitani huko Ituri. Hata hivyo katika Fizi, hadi wakati wetu, watoto wamebebeshwa bunduki na wamechimba dhahabu, na vita vimewatenganisha na wazazi wao kwa mamia ya kilomita. Njia za misafara zimefungwa, lakini mtoto aliyetengwa na kwao bado yuko.

Sisi wa kitivo hatuna ngome wala zahanati. Tuna kitu kimoja. Mtoto mdogo aliyepotezana na wazazi hawezi kutaja wilaya wala sekta, lakini anajua anavyoliita jiko, anavyomwita shangazi, anavyohesabu, na wimbo aliolazwa nao. Anayejua lugha za eneo husikia katika maneno hayo kama mtoto ametoka ufukweni au milimani, kwa Wabembe, kwa Wabuyu, kwa Wafuliru au kwa Wavira. Mtu aliyesomea lahaja anaweza kumsogeza mtoto karibu na nyumba yao, na wakati anasubiri, anaweza kumpa mtu mmoja wa kuzungumza naye kwa lugha ile. Ningependa wahadhiri wetu wafikirie jambo hili katika mafunzo ya nje ya darasa: mwanafunzi apelekwe kuwasikiliza watoto na kuwasaidia wanaowatafutia ndugu, kama anavyopelekwa sasa kukusanya methali.

Atiman alikutana na watu wema wengi katika safari yake, kuanzia Metlili, Carthage na Malta hadi Karema. Walimpa uhuru, elimu na jina la pili. Kati yao wote, hakuwapo aliyejua Kisonghai cha kutosha kumuuliza kwao ni wapi, na kuelewa jibu lake.